Habib Saleh wa Lamu na Jeraha Lisilopona kwa Hati

Kila mwaka, Mfungo Sita unapokaribia kwisha, vyombo huja Lamu vimejaa watu. Hutoka Pate, Siyu na Faza. Hutoka Malindi na Mombasa. Na wengine huvuka mipaka kutoka Tanzania na Ngazija. Wote shabaha yao ni moja, nayo ni kuhudhuria Maulidi ya Mtume wetu (S.A.W.) katika msikiti wa Riyadha, kule mtaa wa Langoni. Hapo tena watu hujipanga kwa kasida na matwari, wakaenda makaburini kumzuru bwana aliyeuasisi msikiti ule, Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilleil, ambaye sisi sote twamwita Habib Saleh.

Kwa miaka mingi nami nilikuwa nikisikiliza matwari hayo bila ya kujiuliza swali moja lililo wazi: kwa nini Riyadha iko Langoni? Waungwana wa Lamu, watu wa nasaba na mali, walikaa Mkomani, katika majumba ya mawe yenye madaka na milango ya nakshi. Langoni ulikuwa upande wa vibanda vya udongo na makuti, penye mchanga, pa wageni na wanyonge. Bwana huyu alikuwa sharifu, mtu wa nyumba ya Mtume, na hapana mlango wa Mkomani ambao usingefunguka kwake. Basi alifuata nini kule?

Jawabu nililolipata ni kwamba aliwafuata watu. Na wengi katika watu hao walikuwa watumwa, wana wa watumwa, na walioachwa huru juzi.

Napenda leo nimweleze msomaji maisha ya bwana huyu, si kwa karama zake, ambazo wengi wamekwisha kuzisimulia, bali kwa jambo moja ambalo sisi watu wa pwani hatupendi kulizungumza mbele ya wageni. Nilipokuwa mtoto niliwahi kuwasikia wazee wakizungumza habari ya posa. Kijana alikuwa na dini, ana kazi, ana adabu. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka lilipotajwa jina la babu yake. Hapo sauti zikashuka, kahawa ikanywewa kimya, na posa ile haikuzungumzwa tena. Sikufahamu siku ile. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba jina lile lilikuwa katika majina waliyokuwa wakipewa watumwa.

Utumwa ulikuwa umekwisha miaka mingi kabla ya mimi kuzaliwa. Lakini kumbe haukuwa umekwisha.

Habib Saleh alizaliwa Ngazija katika miaka ya 1850, katika ukoo wa Jamalilleil, masharifu ambao asili yao ni Hadhramaut, na ambao walikuwa wamekwisha kuenea Pate na visiwa vya Ngazija. Alikuja Lamu akiwa kijana, akasoma kwa mashekhe wa hapo, na mwishowe akafanya Lamu kuwa ndio kwao.

Lamu aliyoikuta ilikuwa mji wa neema, na neema yenyewe ilitoka ng'ambo, bara. Kule Hindi, Mkunumbi na Mpeketoni waungwana walikuwa na mashamba ya mtama, mahindi, simsim na pamba, na nafaka hiyo ilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Waliolima si wenye mashamba. Walilima watumwa walioletwa kutoka mbali, wengi wao kutoka upande wa ziwa Nyasa na nchi za kusini. Mwaka wa 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Lakini aliyekwisha kuwa mtumwa alibaki mtumwa. Wengine walitoroka wakaingia misituni, na wengi wakapata hifadhi Witu, kwa Fumo Ahmad aliyeitwa Simba, ambako jina lao lilikuwa watoro.

Atakaye kujua moyo wa zama zile, asitosheke na vitabu vya serikali. Na asome tendi zetu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Inkishafi, aliulilia mji wa Pate ulivyoanguka. Twaona mle taa za kandili, vyombo vya kaure na vitanda vya pembe, na mabwana walivyokuwa wakipepewa na kukandwa mpaka usingizi uwachukue. Utendi ule ni mawaidha makubwa juu ya dunia na udanganyifu wake, na kila nikiusoma hunitetemesha. Lakini siku moja nilijiuliza: ni mikono ya nani iliyokuwa ikipepea? Mabwana wale wana makaburi na magofu ya kuliliwa. Wale wapepeaji hawakuliliwa na mtu. Hawakuanguka, kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa wamesimama.

Tazama pia utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliomtungia binti yake mwaka wa 1858. Katika nasaha zake nyingi za dini, adabu na unyumba, bibi yule amhadharisha mwanawe asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi za nyumbani. Sitaki msomaji adhani kwamba namlaumu. Alikuwa mama mgonjwa amwachiaye mwanawe wasia, naye alisema lile ambalo kila mama wa daraja yake angelisema. Na hapo ndipo penye mafunzo. Uungwana ulikuwa kama ukuta wenye pande mbili: mwungwana hakuweza kujijua kuwa ni mwungwana mpaka awepo wa upande wa pili. Binti alifundishwa nafsi yake kwa kuonyeshwa asiyekuwa yeye. Na yule kijakazi aliyekuwa akifagia chumbani huku utendi ukisomwa, naye pia alikuwa na masikio.

Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. Neno mtumwa latokana na kutuma; mtumwa ni yule aliyetumwa. Watungaji wetu wa kale wa kaskazini, walipomtaja Mtume Muhammad, walimwita Tumwa, yaani aliyetumwa na Mola. Neno ni lile lile. Kadhalika neno mja: wazee walilitumia kwa mtumwa, na sisi sote tukiomba dua twajiita waja wa Mwenyezi Mungu. Basi katika lugha yetu mna jina moja lililobeba daraja ya juu kabisa ya kiumbe na daraja ya chini kabisa ya soko. Kama mji ungelitafakari neno hili, pengine ungelitahayari. Lakini desturi ina nguvu, na watu waweza kulisoma neno kila usiku wasilisikie.

Dini haikuwa upande wa desturi hiyo. Qurani imeufanya uachaji huru wa mtumwa kuwa ibada na kuwa kafara ya makosa. Kila mtoto wa chuoni ajua habari za Bilal, aliyeteswa juani Makka, akanunuliwa na Sayyidna Abubakar akaachwa huru, kisha akawa ndiye mwadhini wa Mtume. Lakini Lamu, watumwa walisilimishwa, wakafunzwa kusali, kisha wakaachwa mlangoni. Elimu ya ndani, tafsiri ya Qurani, fiqhi na nahau, ilikuwa ya watu wa nasaba. Ilikuwa yaogopwa kwamba mtumwa akijua sana ataharibika, nami nadhani waliogopa zaidi kwamba wao wenyewe watakosa la kujitofautishia.

Hapo ndipo Habib Saleh alipoingia. Kwanza alisoma kwa adabu yote, na katika walimu wake alikuwamo Sayyid Mansab, mwanazuoni mkubwa na mtunzi wa mashairi ya dini. Kisha akaanza kufundisha, na darasa zake hazikuwa na mlango wa kumrudisha mtu. Alikaa Langoni pamoja na wanyonge, akawatibu wagonjwa wao kwa dua na kwa dawa, akawasomesha. Aliyekuwa jana akibeba magunia bandarini alikaa leo duarani, goti kwa goti na mtoto wa sharifu, akisoma aliyoambiwa siku zote kwamba si yake.

Watu wa mji hawakulipenda jambo hilo. Wapinzani wake hawakuwa makafiri wala wajinga. Walikuwa watu wa dini, na baadhi yao masharifu kama yeye. Waliona heshima ya elimu yashushwa. Ugomvi ulizidi kwa ajili ya Maulidi. Lamu walikuwa wakisoma Barzanji kwa utulivu, kwa Kiarabu, watu wameketi. Habib Saleh alileta Maulidi aliyoyatunga Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, na yakawa yasomwa kwa kasida na matwari, watu wakiyumba kwa pamoja. Ngoma msikitini! Wakubwa walihamaki. Hata leo wapo wanaojadiliana juu ya jambo hili, nami si shekhe wa kutoa fatwa.

Lakini nalitazama kwa upande wa moyo wa mwanadamu. Mtumwa alikuja pwani amenyang'anywa kila kitu: wazazi, lugha, miungu ya kwao, jina. Alichobaki nacho ni mwili wake, na mwili huo ulikuwa wa kazi na wa fimbo. Alipopata nafasi jioni alipiga ngoma, na kwa ngoma yake akaitwa mshenzi. Basi amjia sharifu, ampa twari, amwambia kwa vitendo kwamba mikono ile ile na pumzi ile ile zaweza kumsifu Mtume ndani ya nyumba ya Mungu. Sidhani kwamba waweza kumpa mtu kama huyo kitu kikubwa zaidi.

Mwaka wa 1907 serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria ya kuufuta utumwa katika pwani ya Kenya. Mabwana waliwekewa fidia kwa hasara yao. Watumwa hawakupewa fidia ya miaka yao. Walipewa uhuru, basi. Mashamba ya bara yakaanza kurudi kuwa vichaka, na waungwana wengi wakaingia katika ufukara ambao hawakuwa wamefunzwa kuustahimili. Nao pia walipotewa. Mtu aliyejijua miaka yote kwa kuwa na watumwa, watumwa wakiondoka huamka asubuhi asijijue.

Na yule aliyeachwa huru? Aliitwa Faraji, au Mabruki, au Baraka. Kama ni mwanamke, Zafarani au Majuma. Majina yenyewe mazuri, yana faraja na baraka ndani yake, lakini hayakutolewa na baba wala mama. Yalitolewa na mwenye mali, kama vile mtu aitavyo chombo chake. Na mtu akiulizwa yeye ni bin nani, aliinama. Katika mji ambao salamu ya kwanza ni kujuana ukoo, kutokuwa na bin ni sawa na kutokuwa na kivuli juani. Wengi walijitengenezea nasaba, wakajitia katika kabila la bwana wao, wakahama mji ili wasijulikane. Watoto wao wakarithi siri bila ya kuambiwa ni siri ya nini.

Mwaka wa 1913, miaka sita tu baada ya sheria ile, Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mtunzi, mwandishi wa hati na mchonga nakshi, alitunga Utendi wa Fumo Liongo. Kila mtoto ajua kisa cha shujaa aliyefungwa gerezani, na mama yake akampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa kuwa walinzi walikula vyakula vizuri na kumwachia makapi. Aliyechukua mkate ule ni kijakazi Saada. Kila siku alikwenda na kurudi, akapokonywa chakula na walinzi, na Liongo akaitoka minyororo kwa mikono yake. Liongo ana baba, ana mji, ana kaburi liitwalo lake kule Ozi. Saada ana jina moja tu. Baada ya mkate kufika, hatujui alikwenda wapi. Mimi sijui Kijumwa alikusudia nini, lakini kila nikiufika ubeti wa tupa humkumbuka yeye, aliyeubeba uhuru wa mwenziwe kichwani na asipate wake.

Miaka mingi baadaye, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2021, aliandika riwaya yake ya Paradise, iliyotoka mwaka wa 1994 na ambayo sasa yapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mle yumo Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alipoambiwa na bibi yake kwamba yu huru, hakuuchukua uhuru ule, kwa kuona kwamba hapana mtu awezaye kumpa kitu ambacho hakuwa na haki ya kukichukua. Akabaki bustanini mwake. Wako wasomaji wamwonao kuwa mtu aliyevunjika, na wako wamwonao kuwa ndiye pekee aliye huru katika nyumba ile. Nami nadhani yote mawili ni kweli, na ndiyo maana jeraha la utumwa ni gumu kulitibu: mtu huweza kuwa na heshima yake kamili moyoni na bado asiweze kutoka mlangoni.

Na neno Riyadha, kwa Kiarabu, maana yake ni mabustani.

Nilipokuwa nikitafakari kazi ya Habib Saleh, lilinijia jambo ambalo sikulisikia likisemwa. Katika elimu ya dini, mwanafunzi hupokea kwa mwalimu wake, naye amepokea kwa mwalimu wake, hivyo hivyo mpaka kwa Mtume. Mnyororo huo ndio silsila, na kila mwanafunzi aweza kuutaja. Basi mfikirie mtu asiyejua jina la babu yake, akaja Langoni, akasoma miaka kadhaa. Siku moja aulizwa ametoka wapi. Sasa anacho cha kujibu. Amesoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani. Ameingia katika nasaba ambayo hapana mnada uliowahi kuikata. Hati ya serikali ilimwambia kwamba yeye si mali ya mtu. Lakini haikumwambia yeye ni nani. Darasa ilimwambia.

Hata hivyo yafaa tuwe waadilifu. Mtaalamu Abdul Hamid el-Zein, aliyekaa Lamu na kuandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1974, alimwonyesha Habib Saleh kama mtu aliyeupindua mji. Waliochunguza baadaye wameona kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kazi ya Habib Saleh ilikuwa sehemu ya harakati kubwa zaidi ya mashekhe wa Kialawi, kutoka Hadhramaut hadi Ngazija na Unguja, waliotaka elimu iwafikie watu wa kawaida. Tena yeye mwenyewe hakuivunja daraja ya nasaba. Alibaki sharifu, akibusiwa mkono, na hao aliowainua walimheshimu kwa damu yake kama walivyomheshimu kwa elimu yake. Mtu aweza kusema kwamba waliacha kuinama mbele ya mwungwana wakainama mbele ya sharifu. Neno hilo lina ukweli. Lakini kwa mwungwana mtumwa aliinama akaambiwa aende zake jikoni. Kwa Habib Saleh aliinama akaambiwa aketi afungue kitabu. Tofauti hiyo si ndogo.

Habib Saleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, akiwa mzee. Riyadha ilikuwa imekwisha kuwa chuo kinachojulikana pwani nzima, na wanafunzi walitoka Tanganyika, Uganda na Ngazija kuja kusoma Langoni. Na mji uliokuwa ukimpinga ulikuja kuyafanya Maulidi yake kuwa ndiyo fahari yake. Hivi leo wajukuu wa waliokasirika na wajukuu wa waliokaribishwa husimama safu moja wakishika matwari, na mgeni hawezi kuwatofautisha.

Lakini sisi wenyeji twaweza, na hapo ndipo ninapoumia. Kasida zikimalizika watu hurudi majumbani, na posa ikiletwa bado kuna nyumba ambamo sauti hushuka. Sheria ya mwaka wa 1907 imekwisha kupita miaka mia na zaidi. Tendi zetu zimehifadhi pande zote mbili za jeraha: la aliyepepewa na la aliyepepea, la bibi aliyeusia na la kijakazi aliyesikia. Tukizisoma kwa ufundi wa vina tu, tutakuwa kama wale waliolisoma neno Tumwa kila usiku wasilisikie.

Mwaka huu nilipofika makaburini sikuomba tu rehema kwa Habib Saleh. Nilimwombea pia babu wa yule kijana wa posa, ambaye jina lake nilikuwa nimekatazwa kulitaja. Nikalitaja kwa sauti, mbele ya watu, na aliyekuwa kando yangu akaitikia amini.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na atutakase nyoyo zetu.